Kipimio cha Zigi

Saa kumi na mbili asubuhi nateremka ukingoni,
daftari kwapani, kalamu sikioni,
nasoma bamba la chuma
kama mtu asomaye uso wa mkwe:
sifuri nukta nne mbili.
Mto umelala. Naandika.
Posho yake haitoshi hata bando,
lakini Kwemvule nzima hainiiti tena Hadija wa Mntangi.
Wananiita Bi Nukta.

Mwaka ule kipimio kilikuwa cha mbao,
nami niliyaona maji yakiukwea ubao kama siafu.
Nukta nane. Moja na nusu. Mbili.
Nikapiga simu Tanga mjini:
ikaita, ikaita, ikachoka.
Ilikuwa Jumamosi.
Nikajaribu namba iliyoandikwa "dharura",
akapokea mtoto wa mtu, mdomo umejaa chakula:
"Baba alihama kazi zamani."
Niliporudi mtoni hapakuwa na cha kusoma.
Ubao ulikuwa umekwenda na namba zake.

Usiku wenyewe sitausimulia.
Nitasema tu cherehani ya Mwanakombo
ilikutwa juu ya mkorosho,
uzi mwekundu ungali kwenye sindano.

Serikali ilikuja siku ya nne.
Nisiwe mchoyo wa haki: ilikuja.
Ilileta unga, na blanketi za kijivu zenye harufu ya ghala,
na tingatinga likakomba tope zahanati.
Ilileta fomu pia, kurasa tatu, nakala mbili:
Mali iliyopotea. Thamani. Uthibitisho.
Mwanakombo akamuuliza Bwana Hoza wa kamati ya maafa,
"Uthibitisho wa kisichokuwepo hufananaje, baba?"
Hoza akainua kalamu, akaishusha,
akaandika: cherehani, moja. Imeonekana mtini.

Kisha ikaja rangi nyekundu.
Kopo moja, brashi moja, kijana mmoja wa halmashauri.
Akapiga X kila nyumba iliyo ndani ya mita sitini,
hata ile iliyobaki mlango mtupu;
mlango ukasimama na X yake
kama mpangaji anayefukuzwa na nyumba haipo.
Rangi iliyosalia akachora mstari ukuta wa shule,
MAJI YALIFIKA HAPA,
akaosha brashi mtoni.

Viwanja tumepewa Kilimani. Thelathini na vinane,
kaya hamsini na moja. Tofauti hiyo
inasemekana iko kwenye mchakato.
Huko juu hakuna mafuriko. Hakuna maji pia:
ndoo inapanda kichwani
kutoka mto uleule tulioukimbia.
Mwanakombo amejenga, amelipwa nusu,
anashona sare za shule chini ya bati jipya,
ila mchicha wake bado uko bondeni.
"Nimehama mimi," anasema. "Njaa haikupigwa X."

Kuna yaliyokwenda. Mawe yamefungwa nyavu za waya ukingoni.
King'ora kiko juu ya paa la shule;
kila mwezi kinajaribiwa,
mbuzi wanakimbia, watu hawakimbii,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mwezi uliopita mvua ilipiga Amani, huko milimani.
Saa nane usiku nikashika simu, tumbo limejikunja.
Ikaita mara moja.
"Nimekupata, Kwemvule. Soma."
Nikasoma: moja nukta sifuri tatu.
"Soma tena."
Sauti ikanikatika,
wala si kwa hofu.
Kulikuwa na mtu.

Wakati wa mapumziko watoto hujipima kwenye mstari,
visigino ukutani, rula utosini.
Jana Kidawa wangu alikuja mbio:
"Mama, nimeyapita maji kwa vidole viwili!"
Nikamsifu. Nikampa kashata.
Sikumwambia kwamba mchoraji alifuata alama ya tope,
na tope la juu mvua ilikuwa imeshaliosha;
kwamba usiku ule nilikaa juu ya paa la shule ileile,
yeye mgongoni, amelala,
na miguu yangu ilikuwa majini.